Kabla ya Kuchora Ramani, Kijue Kiwanja Chako

Wengi wanaokuja kwangu kutaka ramani ya nyumba huja na picha kwenye simu, nami huwaomba kwanza twende pamoja kiwanjani, asubuhi na tena saa kumi jioni. Katika kazi hii ya kuchora nyumba hapa Dar es Salaam sijaona akiba kubwa kuliko ile ipatikanayo kwa kuilaza nyumba vizuri juu ya ardhi yake, maana kuigeuza ikiwa bado kwenye karatasi hakugharimu kitu, ilhali ukuta ukishasimama haugeuki.

Anza na jua. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita juu sana, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kuta zinazotazama pande hizo mbili ni rahisi kuzikinga: paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta wa kaskazini, hata adhuhuri ya Juni, jua linapoinama zaidi, kivuli chake hushuka takriban mita 1.7. Kuta za mashariki na magharibi hazina msaada huo, kwa sababu jua huzipiga likiwa chini, na tofali la saruji lililochomwa na jua la jioni huendelea kutoa joto chumbani usiku. Ndiyo maana nashauri nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, na upande wa magharibi vikae choo, stoo na ngazi, si vyumba vya kulala.

Mlalo huo huo huzikaribisha pepo zetu. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi huja Novemba hadi Machi, wakati ambapo joto hutuzidi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi upepo hata dirisha lingekuwa pana namna gani, kwa kuwa hewa haiingii vizuri pasipo na njia ya kutokea. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo siku hizi yamejaa kila mtaa, hufunguka nusu tu ya nafasi uliyoilipia. Nawasihi wateja wangu wachague yanayofunguka yote. Acheni pia matundu ya hewa chini ya paa, ili joto la bati lisifungiwe juu ya dari.

Kuhusu maji siwezi kunyamaza. Viwanja vya mabondeni huonekana vizuri wakati wa kiangazi, kwa hiyo usilipe kabla hujakitazama kiwanja wakati wa masika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, na wakazi wa bonde la Msimbazi wanajua vema mto unavyodai nafasi yake. Usisakafie uwanja mzima, kwa sababu maji ambayo mchanga wetu ungeyanywa yataelekea kwa jirani aliye chini yako. Halafu yakinge ya paani: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mita 100 za mraba hupokea zaidi ya lita 100,000. Msanifu majengo Beda Amuli alilijua hilo alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970, akalipa paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua.

Jambo la mwisho ni miti, nalo lifanyike mapema kuliko yote. Kabla hujampa mtu kazi ya kusafisha kiwanja, pima mahali ulipo kila mwembe na kila mwarobaini, uuchore kwenye ramani pamoja na upana wa matawi yake, kisha msingi upangwe mbali na mizizi. Mti uliokwishakua upande wa magharibi hukinga jua la jioni tangu siku unayohamia, na mche utakaoupanda badala yake utahitaji miaka mingi kuifanya kazi hiyo.