Re: Dogo alizoea kusoma kwa mtandao, sasa darasani anasinzia. Aahirishe mwaka?

Mkuu umeuliza kama dogo wako aahirishe mwaka, maana alisomea nyumbani kwa mtandao mwaka mzima, sasa karudi darasani anasinzia, testi zinamgonga na mwenyewe anasema kichwa hakishiki tena. Mimi nasema asiahirishe kwanza. Hili limenipata, na naona watu wengi wanakimbilia kutibu usingizi wakati shida kubwa iko kwingine kabisa, iko kwenye zile kozi alizofaulu akiwa nyumbani.

Mi ni mtu wa sivil (uhandisi wa ujenzi), nilikuwa nasoma Uchina, Nanjing. Januari 2020 nikaja likizo ya mwaka mpya wao na begi moja, vitu vingine vyote nimeacha bwenini, tarehe 28 Machi wakafunga mipaka kwa wageni na ikawa ndo imetoka hiyo mpaka Agosti 2022 walipoanza tena kutupa viza wanafunzi. Hapo kati yote tunasoma kwa mtandao, mimi niko Morogoro. Sasa saa za kule ziko mbele yetu kwa saa tano, kipindi cha saa mbili asubuhi kwao huku ni saa tisa usiku. Unaingia DingTalk (app ya vipindi vya mtandaoni) giza totoro, sauti umeshusha usiamshe watu, unamaliza saa moja asubuhi ndo mama anaamka anakukuta umekaa, anakutuma sokoni, maana kwake yeye hauko chuo, uko nyumbani. Ukirudi unalala. Jioni unafungua video zilizorekodiwa, penye ugumu unarudisha, penye porojo unapeleka mbio, bando likikata basi mpaka kesho. Mtihani nao unafanyia mezani hapohapo, madesa (notisi) pembeni, na hata wakisema washa kamera wanachokiona ni kipaji cha uso tu. Maksi zilikuwa nzuri, tena nzuri kuliko za kabla ya hapo, darasa zima.

Kurudi ndo tukajua zile maksi zilikuwa za aina gani. Somo la miundo ya zege, mwalimu anaingia, anachora mhimili (boriti), katikati anaandika wL²/8, yaani momenti, kiasi mzigo unavyoupinda, bila kueleza imetokea wapi, anasonga mbele. Kwake hilo ni la mwaka wa pili na matokeo yenu anayo, mmefaulu. Wewe umekaa pale unajiuliza ile 8 katoa wapi na kidole kinatafuta pa kubonyeza arudi nyuma. Ukishakosa hapo, dakika zote zinazofuata hazina maana tena kwako, na mtu aliyekaa kwenye kiti anasikiliza kitu kisicho na maana lazima asinzie tu, hata wewe mkuu ungesinzia. Ndo maana nakwambia usingizi wa dogo usiutibu kwa kahawa.

Maabara ndo ilikuwa vituko. Kipimo cha slampu cha zege (kuona zege bichi ni laini kiasi gani) tulishakiandikia ripoti tukiwa makwetu, tulipewa namba tukachora grafu, tukafaulu. Koni ya 300 mm, unajaza matabaka matatu, kila tabaka unashindilia na nondo mara 25, juu unasawazisha na mwiko, unainua koni wima. Kila mtu anaijua kwa kichwa. Siku ya kuishika sasa, jamaa mmoja Mnyarwanda kwenye kundi letu kainua huku anaivutia kwake kidogo tu, zege lote likalala upande. Fundi wa maabara hakusema neno, akalichota akarudisha kwenye karai, akatuonyesha koni kwa kidole. Anzeni. Tukarudia mpaka tukaelewa kwa nini ile koni ina masikio chini ya kukanyaga wakati wa kujaza isicheze, kitu ambacho kwenye video nilikiona nikadhani ni urembo.

Aliyenitoa hapo ni Mzambia mmoja ambaye yeye hakuondoka Uchina kipindi chote kile. Aliniambia niache kujifanya nasoma kila kitu upya, sitafika, niangalie kozi ya sasa imekaa juu ya kozi ipi ya zamani, nirudie hiyo tu. Basi nikachukua mitihani ya nyuma ya mekanika nikaifanya nimefunga kila kitu, simu iko chumba kingine, saa ya ukutani inahesabu. Matokeo siyasemi hapa 😂 ila faida yake ni kwamba ile karatasi inakuonyesha shimo liko wapi hasa. Halikuwa somo zima, ilikuwa ni michoro ya shia na momenti (mzigo unavyoukata na kuupinda mhimili) basi. Jioni chache mezani na penseli nikaanza kumfuata mwalimu, na usingizi ukapungua wenyewe.

Kingine, asirekodi vipindi kwa simu. Najua watakuja watu kunipinga ila nimeona wenzangu wana marekodi mpaka simu imejaa na hawajawahi kusikiliza hata moja, maana ukijua unarekodi hausikilizi. Aandike kwa mkono, akipotea aweke alama pembeni, kwenye breki amfuate mwalimu palepale ubao haujafutwa. Hii ya kumfuata mwalimu ina aibu yake, kwa mtandao ulikuwa unachati swali lako hakuna anayekuangalia, huku watu wanageuka. Inapita.

Saa za kulala nazo arekebishe ndio, na simu isilale naye kitandani. Sina cha kuongeza hapo.

Na asishangae mambo yakirudi nyuma. Sisi tumerudi, Novemba hiyohiyo ya 2022 chuo kikafunga geti, tukaanza tena kusoma kwa mtandao tukiwa bwenini, mwalimu yuko ng'ambo ya pili ya mji, mpaka walipolegeza masharti Desemba. Nilicheka kama chizi.

Kuhusu kuahirisha: vyuo vyetu vingi kosiweki (testi na kazi za semista) inabeba 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) 60, kwa hiyo testi moja mbaya haijamuua, na sapu (kurudia mtihani) sio disko (kuondolewa chuo). Kama ana mkopo aende kwanza kwa afisa mikopo wa chuo akaulize bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) litakuwaje akisimama, asije akasikia kwa marafiki. Mi ningemwacha afanye testi ya pili akiwa ameshaziba hayo mashimo, halafu ndo mkae mwongee.

Hujasema anasoma nini. Kama ni sivil niletee majina ya kozi za semista hii nikwambie zipi za nyuma arudie, kama ni sheria au biashara wasubiri wenye fani zao waje.