Foili imetoboka juu ya mchuzi: je, nimekula alumini?

SWALI: Nililaza mchuzi wa nyanya kwenye friji ndani ya bakuli la stenlesi, nikaufunika kwa foili. Asubuhi nikakuta foili ina vitobo, na madoa ya kijivu juu ya mchuzi. Nimekula alumini? Na sufuria zangu za alumini nizitupe?

JIBU: Ndiyo, alumini ya vile vitobo imeingia kwenye mchuzi. Bila kujua, uliunda betri: foili imegusana na stenlesi ukingoni mwa bakuli, na mchuzi wenye chumvi na asidi umezigusa zote mbili. Hapo alumini ndiyo inayolika. Kwenye bakuli la kioo ingelika polepole zaidi.

Lakini usitaharuki, tupige hesabu. Kwa foili yenye unene wa milimita 0.02, kitobo cha milimita mraba 1 kina alumini ya takriban miligramu 0.05. Vitobo 10 ni nusu miligramu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo mwaka 2008: miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, yaani miligramu 60 kwa mtu wa kilo 60. Tena, kinachofyonzwa tumboni ni chini ya asilimia 1, na figo hukitoa. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kujihadhari zaidi.

Sufuria usizitupe. Alumini hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Asidi na magadi huuyeyusha, na joto huharakisha kazi hiyo. Pika, pakua, usilaze humo chakula cha nyanya, limau au siki. Ule weusi unaobaki ndani hauna madhara, na kuusugua mpaka sufuria ing'ae ni kuivua kinga yake.

Stenlesi nayo hutoa nikeli kidogo, hasa ikiwa mpya. Anayedhurika na nikeli aliangalie hilo. Chuma cha kusubu huongeza madini ya chuma kwenye chakula, jambo jema kwa wengi.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu. Vipande vya injini, rejeta na nyaya vikiyeyushwa pamoja, risasi, metali yenye sumu, inaweza kuwemo, na huwezi kuiona wala kuisugua ikatoka. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui sufuria yako ilisubiwa kwa vyuma gani, hiyo ndiyo ya kuiondoa jikoni.