Valvu ya umeme inalia "tik" lakini maji hayapiti

Ndugu uliyeuliza kwa nini valvu yako ya kumwagilia bustani kutoka kwenye tangi haipitishi maji: kama ukiwasha umeme inalia "tik", koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme) ni nzima. Usipoteze hela kununua koili nyingine. Umesema tangi liko mita 2 tu juu ya bustani, na hapo ndipo penye shida. Kwenye valvu nyingi za namna hiyo, sumaku ya koili hainyanyui ule mpira mpana unaoziba njia ya maji. Inafungua kitundu kidogo tu, maji yaliyoukandamiza mpira yanatoka, kisha presha ya bomba ndiyo inausukuma juu. Mita 2 za maji zinatoa presha ya kama bar 0.2 (bar ni kipimo cha presha), na nyingi zinahitaji 0.3 au zaidi.

Tafuta valvu iliyoandikwa kuanzia bar 0, au inayofunguliwa na mota. Ila kwanza ifungue hiyo uliyonayo uangalie kitundu: punje ya mchanga inatosha kukiziba.