Maneno ya herufi tano yanayoanza na Q

Kwa uliyekwama kwenye Wordle (mchezo wa kukisia neno la Kiingereza la herufi tano) ukiwa na QUI ya kijani, yaani herufi zilizo mahali pake, na majaribio mawili tu: usianze kubahatisha quick, mara quilt, utamaliza nafasi bure. Yanayobaki ya kawaida ni quick, quirk, quiet, quite, quill na quilt. Jaribio linalofuata andika clerk, hata kama unajua siyo jibu. K na R zikiwa za kijani, ni quirk. K kijani na C ya njano (herufi imo kwenye neno lakini si mahali hapo), ni quick. E ya njano inakuachia quiet au quite, L ya njano inakuachia quill au quilt. Hapo sasa ni bahati yako. (Kama umewasha ile hali ngumu, mbinu hii haikubaliki, maana unalazimishwa kutumia herufi ulizokwisha kupata.)

Kwa jumla Q ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Baada yake karibu kila mara ni U, kwa hiyo kazi yote iko kwenye herufi ya tatu. Ikiwa A: quack, quail, quake, qualm, quark, quart, quash. Ikiwa E: queen, query, quest, queue, quell. O ni chache, quota na quote ndizo za maana.

Kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, ambako Q ina pointi 10 na huna U mkononi, kumbuka qanat. Ni mfereji wa maji wa chini ya ardhi kule Uajemi, na linakubalika.