Kabla hujachora kitanda, lala sakafuni

Mwaka wa mwisho chuoni tulipewa mradi wa usanifu wa ndani: tafuta jengo la kazi, liwe stoo, karakana au kinu, uligeuze kuwa mahali pa kulala wageni. Mimi ni wa Mwanza, sikuhangaika. Kuna godauni upande wa Kirumba, kando ya ziwa, lililojengwa enzi pamba ikiwa pamba, baadaye likakodiwa na wenye dagaa. Kuta nene, kenchi za chuma, milango ya kupitisha mizigo, na matundu madogo karibu na paa. Nikalipima siku moja: mita 24 kwa 9, kimo mita 5 hadi kwenye kenchi. Jioni hiyohiyo nikaanza kuchora, na nilikosea hapohapo.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na vyumba 12, sita huku, sita kule, korido ya mita moja na nusu katikati. Vya upande wa ziwa nikavipa vioo vikubwa. Vya upande wa kilima nikaviwekea vidirisha tu, maana nani atalipa hela atazame mawe? (Wageni hulipa, tena vizuri. Sisi tuliozaliwa katikati ya mawe ndio tumeyachoka.) Mwalimu aliutazama mchoro, akauliza swali moja: "Umewahi kukaa humo usiku?"

Nikarudi kwa mlinzi na mdogo wangu wa kiume, mkeka na chandarua.

"Shikamoo babu. Tunaomba kulala ndani leo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Humo huwa wanalala panya." Akafungua.

Jioni upepo ulikuwa unatoka ziwani, mtamu kweli, nikaona vioo vyangu vina haki. Usiku wa manane ukakata. Kama saa nane ukaanza tena, lakini sasa ulitoka nyuma yetu, unashuka kilimani kwenda majini. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ikatoka ziwani. Usiku nchi hupoa kwanza, mambo yakageuka. Somo la jiografia la sekondari, nililifaulu kabisa, ila sikuwahi kulihisi shingoni. Kwa mchoro wangu, mgeni wa upande wa ziwa angekuwa anatokwa jasho saa hizo, kwa sababu ukuta wa korido na vyumba vya nyuma vimemzibia upepo wote.

Halafu harufu. Mchana, milango ikiwa wazi, huisikii sana. Tulipofunga, ikaanza kupanda kutoka sakafuni. Asubuhi nilichimba kwa tindo na nyundo, kina cha kidole, nikainama kunusa: dagaa. Mafuta yalikuwa yameshakunywewa na saruji miaka yote hiyo. Nilikuwa nimepanga kubandika marumaru juu yake na kusonga mbele. Fundi niliyemuuliza alicheka, akaniambia ning'oe tabaka lote la juu na kumwaga sakafu mpya, tena hiyo gharama niiandike mapema kabla sijaanza kuota mapazia. Ukipata jengo lililohifadhi samaki, ngozi au mbolea, anza na tindo.

Mvua ilipiga alfajiri. Chini ya bati tupu sikumsikia mdogo wangu, na tulikuwa mkeka mmoja. Dari ya jipsamu peke yake haitoshi. Juu yake weka kitu kinene cha kuzuia joto na kelele. Na madirisha yawe na nyavu za matundu madogo, la sivyo ukiwasha taa tu, vile vidudu vya ziwani vinavyoruka kama moshi vitakuwa wapangaji wako wa kwanza.

Vyoo usivitupe popote penye nafasi. Bomba la inchi nne nililichora kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kwa urefu wa mita 12 linashuka sentimita 30. Godauni langu lilikuwa na bahati: sakafu iliinuliwa ilingane na bodi ya lori, kwa hiyo kimo cha kushusha maji taka kilikuwepo. Lako huenda liko chini kabisa. Na pima pia umbali hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi niliulizwa hilo mbele ya darasa zima nikabaki natazama viatu.

Mchoro wa pili ulikuwa na vyumba sita tu. Korido nikaisogeza upande wa kilima, ukutani nikapanga tofali za matundu, na juu ya kila mlango nikaacha uwazi wenye nyavu, upepo upite ziwani hadi kilimani na kurudi. Vyoo vikakaa viwiliviwili, mgongo kwa mgongo.

Nilimpelekea yule mzee mlinzi auone. Akaufuata kwa kidole, chumba kwa chumba, mapokezi, stoo ya mashuka, jiko. Akanyamaza, kisha akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, mjukuu wangu. Umechora vizuri. Sasa mimi nakaa wapi?"

Nikaikata stoo ya mashuka nusu, nikaweka dirisha linalotazama geti.