Jibu: Nyasi hazikubali chini ya miti mikubwa, nipande nini?

Dada, umesema nyasi umepanda mara tatu chini ya miti ya nyuma ya nyumba na zote zimekufa, na jirani kakushauri upande maua ya msituni ya huko huko Marekani. Msikilize. Mimi niko Ohio mwaka wa 11 sasa, uani kwangu kuna maple mbili na mwaloni mmoja, na habari ya nyasi niliachana nayo zamani.

Ujue kwanza kwamba maua haya si wapenda giza, ni wawahi jua. Mwezi wa nne miti bado haina majani, mwanga unafika mpaka chini, nayo ndipo yanapochipua, yanachanua na kuweka akiba mizizini. Juu kukishafunga, yanarudi ardhini. Mertensia virginica, yale ya buluu yanayoning'inia kama vikengele, katikati ya Juni hutaona hata jani. Mimi nilikulia Muheza, nimezoea lile ua la Usambara, Saintpaulia, ambalo majani yake yapo mwaka mzima. Basi mwaka wa kwanza nilipoona Mertensia zimegeuka njano nikajua zimekufa. Nikashika jembe nipande kitu kingine palepale, nikaikatakata mizizi yote. Inaniuma mpaka leo. Siku hizi kila penye mmea nachomeka kijiti, na katikati napanda kangaga ili pasibaki wazi kiangazi.

Majani ya miti yakipukutika usiyafagie kuyatupa. Ya mwaloni ni mazito, yapitishie mashine ya kukata nyasi kisha yarudishe. Hiyo ndiyo mboji yao, mbolea ya dukani ya nini?

Anza na Sanguinaria canadensis. Ua lake jeupe halidumu, siku chache tu, lakini mmea hausumbui. Vaa glavu, maana mzizi ukikatika unatoa utomvu mwekundu kama damu na unaweza kukuwasha. Mbegu yake ina kinyama cha mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, kwa hiyo wanaibeba mpaka shimoni kwao, wanakula kile kinyama, mbegu yenyewe wanaiacha. Kwangu imeota mpaka nyuma ya banda, na sikuipanda mimi. Ukitaka kuiotesha mwenyewe, izike ikiwa mbichi, ikikauka umeikosa.

Trillium grandiflorum, lile la petali tatu nyeupe, ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalotaka subira. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka saba, pengine zaidi. Kwa hiyo ukiona linauzwa bei ya kutupa, muulize muuzaji waziwazi: umeotesha mwenyewe au umechimba msituni? Niliwahi kununua mizizi 20 ya bei rahisi, ikabaki miwili, na msitu fulani ulikuwa umeshaharibiwa. Nunua mmea mmoja ulio kwenye chungu. Uzungushie wavu wa waya, kulungu wanalipenda mno. Na usilichume pamoja na majani, ana hayo matatu tu ya kumlisha mwaka mzima.

Halafu ukiona Alliaria petiolata, gugu lililotoka Ulaya, majani yake ukiyafikicha yananuka kitunguu saumu, ling'oe na mzizi wake kabla halijatoa mbegu. Usilionee huruma.

Kama uko karibu na Columbus, niandikie. Septemba nitagawanya Sanguinaria zangu, nitakuwekea vipande vitano.