Baba ana miaka 72: apandikizwe meno au abaki na ya kuvaa? Jibu kutoka Ujiji

Marahaba, kijana wetu wa Tabora. Nimekusoma vizuri. Mzee wako hapo Isevya ana miaka 72. Chini hana jino hata moja, juu yamebaki sita ya mbele. Meno ya kuvaa aliyotengenezewa ya chini yanashinda kwenye glasi ya maji, hayavai. Ana sukari, anatumia vidonge. Kliniki moja ya Dar imewaambia itang'oa hayo sita ya juu kisha impandikizie meno juu na chini, yasiyotoka. Ninyi watoto mko tayari kuchanga, mzee anasema umri wake umepita, na mnauliza nani yuko sahihi.

Nakujibu kama mtu aliyepitia jambo hili. Umri wangu haupishani sana na wa baba yako, nimestaafu kazi za bandari hapa Kigoma, na jioni nafundisha watoto madrasa Ujiji. Taya langu la chini lilikuwa tupu kama lake. Leo nina vipandikizi viwili mbele, upande wa chini, vinavyoshikilia meno ya kuvaa. Viwili tu, na juu sikuguswa. Dada yangu mkubwa naye alishauriwa apandikizwe, tukakaa naye tukakubaliana asiweke hata kimoja. Mpaka leo naona kila mmoja wetu alipata kinachomfaa.

Kuhusu umri, mwambie mzee asijihukumu mapema. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayopandwa ndani ya mfupa wa taya, na mfupa huota ukaikumbatia mpaka haitoki. Jambo hili aliligundua Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi mwaka 1952 akiwa anachunguza mifupa ya sungura: vifaa vya titani alivyoviweka mfupani vilishikwa, havikutoka tena. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965, akavitumia kwa zaidi ya miaka 40 mpaka alipofariki. Mfupa wa mtu wa miaka 70 unafanya kazi hiyohiyo. Daktari makini ataangalia afya ya mzee, mfupa uliobaki, na kama mikono yake inaweza kusafisha kinywa kila siku. Mwaka wa kuzaliwa unakuja nyuma ya hayo yote.

Sasa taya la chini, maana shida ya mzee wako iko hapo. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika huanza kuisha, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, halafu taratibu miaka yote inayofuata. Ndiyo maana meno ya kuvaa yaliyokaa sawasawa siku ya kwanza hupwaya baadaye, hata kama fundi alikuwa hodari: ukingo yanaoukalia umeshuka. Kwa juu kuna kaakaa, na plastiki inagandamana nalo kwa mate. Chini kuna ukingo mwembamba tu, ulimi uko katikati, mashavu na mdomo viko pembeni, na kila kimoja kinayasukuma yatoke. Ongeza na hayo sita ya juu ya asili. Kila mzee akiuma kwa mbele, meno ya chini yanainuka kwa nyuma. Usimlaumu kwa kuyaacha kwenye glasi. Nayajua maumivu ya plastiki inayocheza juu ya fizi wakati unatafuna karanga na chembe imeingia chini yake.

Mimi kilichonisukuma zaidi ni kusoma. Anayefundisha Qur'ani anajua kwamba herufi za Kiarabu thaa, dhaal na dhwaa zinataka ncha ya ulimi ifike kwenye makali ya meno ya mbele ya juu. Ulimi ukienda mbele hivyo, unayabeba meno ya chini. Nikawa nasoma huku nimeyabana kwa mdomo, na herufi zinatoka zimefubaa, na watoto wanaitika kama walivyosikia. Hilo liliniuma kuliko nyama niliyoshindwa kutafuna. Nakuambia haya kwa sababu moja: mkae na mzee mumuulize anachokikosa hasa. Je, ni kutafuna michembe na nyama? Ni kuzungumza barazani? Au ni aibu ya uso uliobonyea? Ninyi mnapanga kununua meno, lakini yeye ndiye anayejua pengo linamuuma wapi, na jibu lake litabadilisha hata idadi ya vipandikizi.

Kwa mtu asiye na jino chini, jambo hili limeshajadiliwa sana na wataalamu. Mwaka 2002 walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakakubaliana kwamba vipandikizi viwili vya kushikilia meno ya kuvaa ya chini ndivyo viwe chaguo la kwanza kwa mtu wa namna hiyo. Hivyo viwili hupandwa sehemu ya mbele ya taya, karibu na zilipokuwa chonge, ambako hata kwa mzee mara nyingi mfupa bado upo wa kutosha. Juu yake hufungwa vifungo, na ndani ya meno ya kuvaa kuna matundu yenye viraba. Unayabonyeza, yanashika. Usiku unayatoa.

Kwa upasuaji wenyewe, nisikutishe. Nilichomwa ganzi, nikasikia mtetemo wa keekee bila maumivu, nikashonwa. Kidevu kilivimba siku chache, nikaishi kwa uji na mtori. Kinachochosha ni kungoja, kwa sababu mfupa unahitaji miezi, kwa kawaida mitatu hadi sita, kabla ya vifungo kuwekewa mzigo. Baada ya hapo nilirudi kwenye migebuka, kuhe wa kuchoma na karanga. Sikurudi kwenye nguvu za meno yangu ya ujana, na asiwadanganye mtu kwamba mzee atarudi huko. Muwa sijajaribu kuumenya kwa meno. Lakini naongea, nasoma na nakula mbele ya wageni bila kuweka mkono mdomoni.

Hapo kwenye kung'oa hayo sita ya juu nakuomba usimame kabisa. Kama yamekaza na fizi zake ni nzima, kuyang'oa ili kutoa nafasi ya vipandikizi ni hasara ambayo hairudishiki. Jino la asili lina hisia, linamwambia mtu anauma nini na kwa nguvu gani. Titani haina hiyo. Hata jino lililovunjika likabaki mzizi, mara nyingine mzizi hutibiwa, ukakatwa usawa wa fizi, na meno ya kuvaa yakakaa juu yake, na mfupa wa hapo ukabaki. Tena mfupa wa taya la juu ni laini kuliko wa chini, na nyuma kuna uwazi mkubwa juu ya magego, kwa hiyo juu huhitaji vipandikizi vingi zaidi, mara nyingi vinne au kuzidi, na pengine kuongezewa mfupa kwanza. Hapo ndipo gharama inapopanda. Kabla jino lolote halijang'olewa, mpelekeni mzee kwa daktari wa pili wa kinywa na meno, ambaye hatafaidika na kazi hiyo, mumuulize swali moja: haya sita yana ubaya gani?

Na hayo meno yasiyotoka mnayoyapenda ninyi watoto, yafikirieni kwa mzee wa miaka 82, maana inshallah atafika. Mikono itatetemeka, macho yatapungua, pengine kumbukumbu nayo. Meno yaliyofungwa moja kwa moja yanataka brashi ipite chini yake, kila siku, mahali ambapo hata kijana anapata tabu. Meno ya vifungo viwili, mjukuu anaweza kuyatoa, akayasugua kwa brashi na sabuni ya kawaida, akasafisha vile vifungo, akayaweka kwenye maji ya baridi usiku. Maji ya moto yanaipinda plastiki, msiyatumie. Mimi hilo ndilo lililonifanya nikatae meno yasiyotoka, ingawa niliambiwa yanapendeza zaidi.

Dada yangu hali yake ilikuwa nyingine. Yeye amepoteza magego, lakini mbele na ubavuni meno yake yapo, juu na chini, na yanakutana. Aliambiwa apandikizwe manne nyuma. Tukauliza, tukaelezwa kwamba mtu mwenye meno kama 20 yanayokutana vizuri anaweza kuishi nayo. Daktari wa Uholanzi aitwaye Käyser aliliandika hilo mwaka 1981, na baadaye watafiti wakaja kuwachunguza watu wenye meno pungufu hapahapa Tanzania, wakaona kwamba wengi wanatafuna vizuri, na wanaosumbuka na vyakula vigumu ni wale waliopoteza zaidi. Dada anakula ugali wa muhogo, dagaa, samaki na matunda, hana maumivu. Hela yake ilikwenda kwenye kukwangua ugaga na kuziba matundu ili haya aliyonayo yasimtoke. Si kila pengo linadai kipandikizi.

Sukari ya mzee haimnyimi nafasi ikiwa imedhibitiwa. Apimwe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, majibu yaende kwa daktari wa meno kabla ya tarehe kupangwa, maana sukari iliyo juu inachelewesha kidonda na inaleta maambukizi. Hukusema kama anavuta. Kama anavuta, iwe sigara au tumbaku ya kusokota, ajue kwamba moshi ni adui mkubwa wa vipandikizi, na aache kabla na baada. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia. Za kuzuia damu kuganda asiziache mwenyewe. Daktari aliyemwandikia na wa meno wazungumze. Na kama amewahi kupewa vidonge au sindano za kuimarisha mifupa, au kupigwa mionzi ya saratani sehemu za kichwa na shingo, hilo lisemwe siku ya kwanza, kwa sababu mfupa wa taya unaweza kushindwa kupona baada ya kuguswa.

Sasa umbali, na hapa ndipo sisi wa Kigoma na Tabora tunatofautiana na wenzetu wa Dar. Kipandikizi hakinunuliwi siku moja ukaondoka nacho. Kuna picha, upasuaji, kutoa nyuzi, kungoja, kufunga vifungo, kurekebisha meno, halafu uchunguzi kila mwaka maisha yote. Kutoka hapa kwenda Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mimi niliweza kwa sababu binti yangu anaishi huko, nikawa nafikia kwake. Kwenye mchango wenu hesabuni nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza, na tengeni akiba ya matunzo. Viraba vya ndani huchakaa na kubadilishwa mara kwa mara. Fizi inayozunguka kipandikizi nayo inaweza kuingia ugonjwa usiouma, unaokula mfupa kimyakimya mpaka skrubu inalegea. Anayeugundua mapema ni daktari anayekuona kila mwaka.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawaambiwi. Vipandikizi vina watengenezaji wengi, na mara nyingi vifaa vya mmoja haviingii kwa mwingine. Dai karatasi au kadi yenye jina la mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo na tarehe ya kuwekwa. Kifungo kikilegea mzee akiwa Tabora, daktari wa Mwanza au Dodoma atahitaji kujua ni bisibisi ya aina gani itumike. Bila kadi hiyo atabaki kubahatisha. Kliniki ikisita kuitoa, msiwape hela yenu.

Kama ningekuwa mimi mtoto wa huyo mzee, ningeanza Hospitali ya Kitete hapo Tabora, idara ya kinywa na meno, nikiwa na yale meno ya kwenye glasi mkononi. Yanaweza kujaziwa ndani yakakaa upya, au akatengenezewa mengine kwa vipimo vipya, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na vipandikizi. Ayavae miezi michache. Wapo wazee ambao hilo linawatosha kabisa. Isipomtosha, hamjapoteza kitu, kwa kuwa meno mapya yaliyotengenezwa vizuri mara nyingi ndiyo hayohayo yatakayotobolewa na kuwekewa viraba baada ya vipandikizi viwili kupona. Wakati huohuo sukari inadhibitiwa, na hayo sita ya juu yanasafishwa.

Mzee akiendelea kukataa baada ya kuelezwa yote haya, mwacheni. Kinywa ni chake. Ila msikubali akatae kwa kudhani kwamba mtu wa miaka 72 hastahili kutafuna, maana nimewasikia wazee wengi hapa Ujiji wakisema hivyo huku wanapungua mwili kwa uji na chai.

Mkipata majibu ya sukari na picha ya taya, andika hapa daktari amesema mfupa wa mbele umebaki kiasi gani. Nami nitakueleza nilivyoambiwa kuhusu wangu.